Sufuria si Sufuria Tu

Neno "sufuria" linatuponza. Ulizia sufuria sokoni na unaweza kuonyeshwa vitu viwili ambavyo havikustahili kuitwa jina moja. Cha kwanza kimetengenezwa kiwandani kwa bamba la alumini: chepesi, kuta zake nyembamba na laini, mishikio imepigwa ribiti. Cha pili ni cha kusubu: fundi ameyeyusha chakavu akakimimina kwenye kalibu ya mchanga. Hicho ni kizito, kuta zake nene, uso wake una chembechembe, na mara nyingi mishikio imetoka pamoja na mwili wake. Mama zetu wanakipenda kwa sababu hakibonyei na kinatunza moto. Sababu zao ni za kweli. Siwalaumu wao. Nawalaumu tuliosoma.

Chakavu ni nini? Ni vipande vya injini, rejeta, makopo, chochote kinachoyeyuka. Mwaka 2014 watafiti walichapisha vipimo vya sufuria za namna hii kutoka Kameruni, wakaeleza jinsi madini ya risasi yanavyotoka kwenye chombo wakati wa kupika. Mwaka 2017 wakachapisha vipimo vya vyombo 42 kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwamo. Walichemsha humo maji yenye asidi ya siki kwa saa 2, na vyombo 15 vikatoa walau mikrogramu 1 ya risasi kwa kila mililita 250. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Sasa fikiria sato wa nyanya na ndimu, anayetokota polepole. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Ukoko angalau unaonekana.

Hapa Bujora, katika Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada, kuna nyumba ya mhunzi. Wasomi wenzangu wanaipiga picha na kuwasifu Warongo, mabingwa wa kuyeyusha chuma. Sawa. Lakini mhunzi aliyekufa tunamwandikia tasnifu, na huyu aliye hai, anayesubu chombo tutakachokilia leo usiku, hatumuulizi amechanganya nini.

Wapo watakaosema turudi kwenye vyungu. Chungu chenye kitako cha mviringo kinakaa vizuri juu ya mafiga. Kiweke kwenye jiko la gesi uone. Wengine watasema tununue vyombo vya chuma kisichoshika kutu. Mwambie hivyo mama ntilie anayehesabu faida ya siku kwa sahani, halafu umpe na hela.

Ninachodai ni kidogo zaidi, na kinaanzia kwenye lugha. Kiswahili hakijawahi kuwa kivivu jikoni. Chungu, kaango na mtungi vyote ni udongo uliochomwa, lakini hakuna anayepika wali kwenye mtungi. Hata "sufuria" ina asili katika neno la Kiarabu la shaba ya njano: lilikuwa jina la madini. Tumesahau madini, tukabaki na umbo. Basi tuseme "sufuria ya bamba" na "sufuria ya kusubu", na muuzaji atamke anauza ipi. Shirika la Viwango Tanzania lipime za kusubu na kutangaza matokeo kwa Kiswahili. Fundi asifungiwe karakana. Apatiwe chakavu kilichochambuliwa, rejeta na betri zikitengwa mbali na tanuri lake.

Na wewe msomaji, kabla ya mwaka wa fedha wowote na bajeti yoyote, nenda jikoni kwenu. Inua sufuria, ipapase ndani, tazama mishikio. Kama ni ya kusubu, nyanya, ndimu na ukwaju visipikwe humo, wala chakula kisilale humo. Mweleze mama kwa heshima, maana jiko ni lake. Akikuuliza umejuaje, usimtajie shahada. Mwonyeshe ribiti.