Hewa inauzwa, mwenye msitu kauona mkataba?

Jamani, leo nina la moyoni.

Hivi karibuni nilitumwa semina ya biashara ya kaboni, hoteli moja hapa Dar. Kiyoyozi, sambusa, vitabu vya rangi. Mtoa mada kasema neno "fursa" mpaka nikachoka kuhesabu. Nikanyoosha mkono: mkataba umeandikwa kwa lugha gani, na wanakijiji walikaa nao siku ngapi kabla ya kusaini? Nikajibiwa kuwa hilo ni suala la kitaalamu, tutaonana wakati wa chakula. Hatukuonana. Kilichokuja ni bahasha ya nauli, na nakiri niliipokea. Kesho yake habari ikatoka na "fursa" kwenye kichwa cha habari. Swali langu halikuwemo.

Sasa naliuliza hapa, ambako hakuna mhariri.

Sisemi biashara hii ni haramu. Nawatazama Wahadzabe wa bonde la Yaeda, kule Mbulu. Mwaka 2007 ardhi wanayowindia na kurina asali ilikabidhiwa kampuni ya uwindaji yenye uhusiano na familia ya kifalme ya Falme za Kiarabu. Zikapigwa kelele ndani na nje ya nchi, kampuni ikajitoa mwaka huohuo. Je, kelele zingekosekana? Mwaka 2011 wakapata hati ya hakimiliki ya kimila, ya jamii nzima, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Shirika la UCRT liliwasaidia. Kisha ndipo wakauza kaboni kupitia Carbon Tanzania. Pesa inalipa walinzi wa msitu wanaotoka miongoni mwao, matibabu na ada za watoto.

Angalieni mpangilio huo, ndugu zangu. Hati kwanza, kaboni baadaye. Msitu wa Yaeda haukuokolewa na soko la Ulaya. Uliokolewa na karatasi inayosema huyu ndiye mwenyewe. Soko limekuja kumlipa mlinzi.

Geuza mpangilio huo uone. Mwaka 2023 kampuni ya Blue Carbon ya Dubai ilizunguka Afrika ikisaini makubaliano na serikali, yetu ikiwemo. Kwa Liberia peke yake yaligusa takriban asilimia 10 ya ardhi ya nchi! Wenye misitu walisikia kama mimi na wewe tulivyosikia, kwenye habari. Kenya nako, Januari 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi za jamii, ikiwemo Biliqo Bulesa iliyokuwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni, zilianzishwa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Kaboni ilishauzwa. Hapo utamrudishia nani nini?

Najua wapo watakaosema huu ni ukoloni mtupu: mzungu anachafua, anatununulia miti, anaendelea kuchafua. Wana hoja. Mwaka 2023 gazeti la Guardian la Uingereza na wenzake walifichua kuwa sehemu kubwa ya vyeti vya misitu vilivyoidhinishwa na Verra havikuwakilisha upungufu wowote wa kweli wa hewa ukaa. Lakini kumwambia Mhadzabe akatae pesa ili sisi wa mjini tujisikie wanamapinduzi, huku tunapikia mkaa wa msitu wa mtu mwingine, huo nao ni unafiki.

Hata lugha tumewafungia mlango. Wengine wanaiita "mikopo ya kaboni". Mzee wa kijiji akisikia mkopo anauliza, nadaiwa na nani? Halafu tunamcheka kuwa haelewi!

Kenya mwaka 2023 ilitunga sheria kwamba miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Safi. Ila asilimia bila kuona hesabu ni hadithi. Mimi nadai matatu tu. Hati ya kijiji iwe mkononi kabla ya mazungumzo. Mkataba uwe kwa Kiswahili, usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na uelezwe kwa lugha ya wenyeji. Bei na mgawo vibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

Na nanyi waandishi wenzangu: semina ijayo, tuulize mkataba kabla ya sambusa. Bahasha yao nitairudisha.

Naomba kuwasilisha.