Kaunti si dirisha la kulipia tu

Jamani, leo nina hasira. Nimesoma mwongozo wa wakazi wa kaunti yetu: pa kulipia kuegesha gari, leseni ya biashara, ada ya soko. Lipa, lipa, lipa! Haki ya kuuliza pesa zinaenda wapi? Hakuna hata mstari. Na Katiba ya 2010, Kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti litushirikishe.

Sisi walimu wa kesho nasi tunamtukana gavana juu ya HELB, ambayo si yake! Chekechea ndizo zake, na ile ya kijijini kwetu haina choo. Tuandikeni barua. Sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Yangu nishapeleka. Wewe je?