Mashua ya Watu Wanane

Wiki hii tunakusudia kulizungumza jambo ambalo wageni hulisafiria kutoka mbali na sisi wenyeji tumelipa kisogo: kupanda mashua ndogo, watu wa nyumba moja au mbili, na kutembea majini kutoka Bandari ya Kale mpaka ndani ya mkono wa bahari wa Tudor.

Watoto wetu wa Kibokoni na Kuze wamezaliwa hatua chache kutoka ufukweni, nao wanaijua Ngome kwa mlango wake wa nchi kavu, pale wanafunzi wanapopangwa safu wakingoja kuingia. Ngome ile, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ilijengwa kwa ajili ya bahari. Mwenye kuitazama akiwa chomboni ndiye afahamuye kwa nini mazingiwa ya Waomani, yaliyoanza Machi 1696, yalichukua muda hata Disemba 1698: waliokuwa ndani walikuwa wakitazamia vyombo vya kuwaletea watu na chakula. Mojawapo ya vyombo hivyo, Santo António de Tanná, ilizama mwaka 1697 mbele ya kuta zenyewe. Wapiga mbizi wataalamu waliichimbua kati ya mwaka 1977 na 1980, na vitu vilivyotolewa vimewekwa katika makumbusho ya Ngome. Mtoto aliyeelea juu ya maji yale hahitaji kuhimizwa kwenda kuvitazama.

Kutoka hapo nahodha hugeuza chombo upande wa kaskazini, akaupitia Mji wa Kale kwa ubavu wake. Misikiti na roshani tuzionazo kila siku kwa kuinua shingo katika vichochoro, hapa huonekana kwa safu moja. Wazee wanaikumbuka bandari hii ilipojaa majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, yakija na kaskazi na kurejea na kusi. Kisha huja daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980. Wenye umri wataeleza juu ya lile la kuelea lililolitangulia, lililowekwa mwaka 1931, na wapewe nafasi ya kueleza, kwa kuwa chombo kidogo kina fadhila hiyo: sauti ya bibi husikika na kila mtu.

Ukishapita daraja, mawimbi hutulia na mikoko huanza. Hapo ndipo mahali pa kukaa, wala pasipitwe mbio. Mwonyesheni mtoto mkoko uliosimama juu ya mizizi yake kama mwenye magongo, na mchu unaochomoza vijiti vyake matopeni ili upate kuvuta pumzi. Kisha mwambieni kwamba boriti zilizo juu ya kitanda chake, ikiwa nyumba yenu ni ya mawe ya kale, zilitoka katika miti ya namna hii, na kwamba chumba chake ni chembamba kwa sababu boriti haikuzidi urefu ule. Mbele zaidi ni Jomvu, ambako wengi wetu tuna jamaa. Zamani watu walikuwa wakiendeana kwa njia hii ya maji.

Wakati wa kwenda ni muhimu, na sisi tuhesabuo miezi kwa mwandamo tuna wepesi katika hili. Siku za mwezi mchanga na za mwezi mpevu ni za bamvua, na kwetu Mombasa maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi jioni. Basi mwenye kuswali Alasiri na kushuka gatini atayakuta maji yameingia mpaka ndani ya mikoko, na atarejea kabla ya Magharibi. Siku za maji mafu, saa hizo hizo huenda akakuta tope.

Sasa tuseme lile linalotutia haya. Manahodha wengi ni watu wetu: jirani, mjomba, au mwana wa jirani. Anaposema, “Ongezeni wawili, chombo kinabeba,” ulimi huwa mzito kukataa. Mji huu haujasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri iliposhindwa na abiria wake pale Mtongwe na watu 272 wakafa, ilhali ng'ambo ilikuwa ikionekana kwa macho. Kwa rai yetu, wanane katika mashua ndogo wanatosha, na iwe wachache zaidi ikiwa nahodha mwenyewe atataja hesabu ndogo. Kila mmoja apate jaketi la kuokoa maisha limkaalo mwilini, si lililolazwa chini ya ubao wa kukalia. La mtoto liwe la mtoto. Kina mama wavae jaketi juu ya buibui na kulifunga kamba zote, stara haipungui. Baba ndiye aulize, tena kabla ya kulipa, na kwa lugha ya adabu: “Mjomba, jaketi ziko ngapi?” Zikiwa pungufu kwa moja, yupo mmoja atakayebaki gatini, au safari ingoje siku nyingine. Kumuudhi mjomba ni jambo dogo lenye dawa.

Dua ya kupanda chombo, ile ya Nabii Nuhu katika Suratu Hud, isomwe kwa sauti na mdogo kuliko wote anayeihifadhi.

Chukueni maji ya kunywa, kofia, na mfuko wa kurejea na takataka zenu. Bei ipatanwe kwa chombo kizima na kwa saa, si kwa kila kichwa, ili nahodha asipate sababu ya kutafuta vichwa zaidi.