Kulea Yatima Si Kumbadili Nasaba

Ndugu Waislamu, tunaolea yatima mjini Morogoro na milimani Uluguru tusiiogope ofisi ya ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetenganisha kuasili na malezi ya kambo. Kuasili hukata haki za wazazi wa asili. Malezi ya kambo humpa mtoto makazi na matunzo, nasaba yake ikibaki. Hayo yako karibu na kafala yetu, kwani Surat al-Ahzab, aya ya 5, imeamrisha mtoto aitwe kwa baba yake.

Basi afisa akichunguza mwenendo na nyumba ya mlezi, tumpokee. Hata mjomba, mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake kwa mila ya Kiluguru, asikatae kuulizwa. Yatima asigeuzwe mtumishi, wala shamba lake lisiliwe. Anayekimbia maswali ya afisa, atamjibu nini Mola wake?