Chumvi kwenye tanki la samaki: hilo neno "kidogo" limetugharimu

Kiangazi hiki simu zinazoniingia kuhusu samaki zinafanana kabisa. "Kaka afisa, samaki wangu wana utando mweupe mgongoni, nimeambiwa niweke chumvi. Niweke kiasi gani?" Na mimi huwa nauliza, tanki lako linachukua lita ngapi? Hapo mtu ananyamaza. Wengine wanasema "ni kubwa kubwa hivi".

Msimamo wangu ni huu, na najua baadhi ya wenzangu wa ugani hawaupendi: kama hujui lita za tanki lako, usiweke chumvi hata punje. Badilisha maji, punguza chakula, subiri upime kwanza.

Naongea hivi kwa sababu niliwahi kukosea mwenyewe. Kijana mmoja wa Kihonda alikuwa na tanki la turubai lenye vifaranga wa kambale. Akanipigia simu, nikiwa kwenye bodaboda, nikamwambia "weka chumvi kidogo, wataendelea vizuri". Nikakata. Yeye akaelewa kidogo ni bakuli moja kila asubuhi anapoongeza maji. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua kali na upepo, maji yanapungua kila siku, naye anajazia kila siku, bakuli na ndoo. Wiki ya tatu vifaranga wakawa wanaelea juu, hawali, kisha wakaanza kufa kwa mamia. Nilipofika tulikaa chini tukahesabu: mfuko mzima wa kilo 50 ulikuwa umeisha, na tanki lake lilikuwa la lita 5,000. Gawanya hapo. Gramu 10 kwa kila lita, na vifaranga wa kambale walikuwa wanaishi humo usiku na mchana. Amonia nayo ilichangia, sikatai, maana maji machafu hayakutolewa hata mara moja. Lakini neno "kidogo" lilitoka mdomoni mwangu.

Kosa lenyewe wengi wetu bado tunalirudia, kwa hiyo tulielewe vizuri. Maji yakipigwa na jua yanaruka, chumvi haiondoki. Ukisahau mchuzi jikoni ukapungua, si unakuta umekolea chumvi? Hakuna aliyeongeza, maji tu ndiyo yamepungua. Wanaovuna chumvi kule Bagamoyo wanaishi kwa kanuni hiyohiyo. Kwa hiyo maji yakipungua kwa jua, jazia maji matupu. Chumvi unarudisha pale tu unapotoa maji kwa bomba au ndoo, na unarudisha ya yale maji uliyoyatoa, siyo ya tanki zima.

Wanaofuga samaki wa baharini kwenye matangi ya vioo sebuleni wanalijua hili kama sala. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi kwa lita, na wao wanalinda namba hiyo kila siku, kwa sababu samaki wao hawana mzaha. Sisi wa maji baridi tunajiona tuko salama kwa kuwa samaki wetu ni wagumu. Ugumu wao ndio unaotuchelewesha kuona kosa.

Sasa tupige hesabu. Tanki la mviringo, kipenyo mita 3, kina cha maji mita 1. Nusu ya kipenyo ni 1.5. Zidisha 1.5 kwa 1.5, kisha kwa 3.14, kisha kwa kina. Unapata kama mita za ujazo 7, yaani lita 7,000. Pima kina cha maji yenyewe, usipime urefu wa turubai, maana nimeona watu wanajidanganya hapo. Ukitaka gramu 2 kwa lita unahitaji kilo 14. Ukitoa lita 2,100 ukaweka maji mapya, unarudisha kilo 4.2. Mzani wa dukani unatosha.

Kwa nini gramu 2? Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi kuliko maji anayoishi, karibu gramu 9 kwa lita. Maji yanaingia mwilini mwake muda wote kupitia mashavu, naye anakojoa muda wote kuyatoa. Samaki mgonjwa au aliyetoka safari anachoka na kazi hiyo. Chumvi ya gramu 1 hadi 3 inampunguzia mzigo, na inazuia sumu ya naitraiti isiingie kwenye damu. Wakati wa kusafirisha perege unaweza kufika gramu 5. Kuogesha kwa gramu 10 ni dakika zisizozidi 30 ukiwa umesimama hapo unawaangalia. Akilala ubavu, mtoe. Vifaranga wadogo wa kambale mimi siwapeleki zaidi ya gramu 2.

Kuna kijana ataniambia perege wa Wami anavumilia chumvi nyingi sana. Ni kweli, na ni samaki wa kwetu wa kujivunia. Ila anazoeshwa polepole, na aliyemo kwenye tanki lako huenda siye yeye.

Usikimbilie pia kununua kifaa cha bei kubwa. Refraktomita ya chumvi inayotumika kwa maji ya bahari haikupi jibu la kuaminika kwenye gramu 2. Na ile ya kupimia sukari kwenye matunda ni kitu kingine kabisa; kuna mtu aliniletea akisema tanki lake lina "asilimia nne". Mzani na hesabu kwanza. Mwenye kisima cha tambarare aonje maji yake kabla ya yote, kwa sababu visima vingine vina chumvi tayari, tofauti na vijito vinavyoshuka Uluguru. Na nunua chumvi ya kawaida ya mawe. Jiwe la kulambisha ng'ombe lina madini mengine, liache bandani.

Jambo linaloniuma zaidi ni maji yanayotoka. Tumewafundisha vijana, nami nikiwemo, kwamba maji ya bwawa la samaki ni mbolea, wamwagilie mboga. Sawa, maji matupu. Lakini maharage ni mdebwedo kwa chumvi. Maji yenye gramu 2 kwa lita yana chumvi zaidi ya mara mbili ya kiwango ambacho maharage huanza kupunguza mavuno. Nyanya inavumilia zaidi, lakini udongo wa mfinyanzi ukinyweshwa hayo kila wiki unaganda na kugoma kupitisha maji. Mtu wa Mgeta mwenye matuta yake mlimani akifanya hivyo anaharibu shamba lililomlea. Na ukifungulia mtaroni, mitaro yetu mingi inaelekea Ngerengere; kwa walio juu ya bwawa, Ngerengere inaingia Mindu, na maji ya Mindu wengi wetu mjini tunayanywa.

Ndiyo maana siku hizi nashauri kutibu kwenye pipa au beseni kubwa, siyo tanki lote. Lita 100, kilo moja ya chumvi, unaogesha samaki kidogo kidogo kwa zamu huku ukipuliza hewa. Maji ya kumwaga yanakuwa madogo, unayachanganya na maji mengi matupu na kuyamwaga mahali pasipo zao wala mkondo. Ni kazi zaidi, ndiyo. Mgongo utauma.

Yule kijana wa Kihonda hakuacha ufugaji. Kwenye turubai jipya ameandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: LITA 5,000. Akinipigia simu sasa, kabla hata ya salamu ananitajia hiyo namba.