Herufi mbili zisimnyime soko fundi wa Lubumbashi

Mjini Lubumbashi, shaba hugeuzwa bangili na pete, na malakiti, lile jiwe la kijani la Katanga, hugeuzwa mikufu na heleni. Zamani mgeni alinunua akiwa mjini. Sasa vijana wengi hupiga picha kwa simu na kutafuta wanunuzi wa ng'ambo kwenye intaneti. Hapo swali dogo linazaa hasara: jina la bidhaa liandikwe namna gani?

Mwingereza anayetafuta mapambo huandika "jewellery". Mmarekani huandika "jewelry". Tofauti ni herufi mbili tu, lakini zinatosha kuzua ubishi.

Lubumbashi hupata Kiingereza kupitia milango miwili. Mmoja ni Kasumbalesa: Zambia ilitawaliwa na Uingereza hadi 1964, na bado huandika kwa kanuni za Uingereza. Mwingine ni filamu na simu, ambamo Marekani ndiyo yenye sauti kubwa. Basi muuzaji mmoja anaandika hivi, jirani yake vile, na kila mmoja anamcheka mwenzake kwamba hajasoma. Wote wawili wameandika sawa. Wamarekani waliachana na tahajia nyingi za Waingereza tangu enzi za Noah Webster, aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1828.

Kuna watakaosema kwamba Google inajua kuwa neno ni lile lile. Ni kweli. Lakini si kila duka la mtandaoni lina akili hiyo. Mengine hulinganisha herufi kama zilivyoandikwa. Humo, bangili yenye tahajia moja haionekani kwa baadhi ya wateja.

Mnunuzi wa Lubumbashi naye ajihadhari. Anayeagiza kipini cha pua au pete ya kitovu atakuta unene umeandikwa kwa milimita katika maduka ya Ulaya, na mara nyingi kwa geji katika ya Marekani. Geji 14 ni kama milimita 1.6, geji 18 ni milimita 1. Namba ikiwa kubwa, chuma ni chembamba. Asiyejua hilo atalipia mzigo usiomtosha, na kuurudisha ni gharama nyingine.

Dawa haihitaji pesa. Muuzaji aandike tahajia zote mbili chini ya picha, aongeze "bijoux" kwa wanaotafuta kwa Kifaransa, na vipimo aviweke kwa milimita. Wanaowafundisha vijana biashara ya mtandaoni waanzie hapo, badala ya kubishana Kiingereza cha nani ndicho sahihi.

Hata Kiswahili kina "heleni" na "hereni", na hakuna mama sokoni aliyekataa kununua kwa sababu hiyo. Mashine ndiyo haina uvumilivu huo. Fundi aiandikie yote mawili.