Usimwambie Mtoto Kuwa Mama Amesafiri

Wazazi na walezi, mwezi huu tuzungumze juu ya mtoto aliyefiwa.

Msiba ukitokea kijijini, watu wote hufika. Wafiwa hupewa pole. Lakini mtoto wa marehemu, nani humpa pole? Mara nyingi hupelekwa kwa jirani akacheze. Akiuliza, "Mama yuko wapi?" huambiwa, "Amesafiri." Au, "Amelala."

Watu husema hivyo kwa huruma. Lakini tutazame yanayofuata. Mtoto anangoja. Kila basi likisimama barabarani, anakimbia kutazama. Mama harudi. Basi mtoto anaanza kuwaza, "Mama amenikimbia. Alikasirika kwa sababu nilimwaga maziwa." Na yule aliyeambiwa kuwa mama amelala, usiku huogopa kulala. Baba akiaga kwenda mjini, mtoto hulia na kumng'ang'ania.

Mtoto mdogo, wa miaka 3 au 4, hajui bado kuwa mtu aliyekufa harudi. Anaweza kuuliza jambo lile lile mara 10. Usimkemee. Mjibu tena kwa maneno mafupi na ya kweli: "Mama aliugua sana. Madaktari walijaribu kumtibu, lakini hakupona. Amekufa. Mtu akifa haumwi tena, wala harudi. Si kosa lako." Hayo maneno ya mwisho yasisahauliwe. Watoto wengi hudhani kuwa utundu wao ndio ulioleta kifo, nao hawasemi.

Mfundisheni pia yale mnayoamini katika dini yenu. Ila msimwambie kuwa Mungu alimpenda mama akamchukua. Mtoto ataogopa kupendwa na Mungu.

Aseme nani? Aseme mtu anayempenda mtoto na atakayebaki naye, kama baba, bibi au mama mdogo.

Huzuni ya mtoto huja na kuondoka. Sasa hivi analia, baadaye kidogo anacheza mpira na kucheka. Majirani husema, "Huyu hana uchungu." Si kweli. Uchungu wake hutokea kwa njia nyingine. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani huanza tena. Mwingine huumwa tumbo kila asubuhi ya shule. Mwingine hupigana na wenzake. Fimbo haiondoi huzuni, na kikojozi akichekwa hofu yake huzidi. Mwambieni mwalimu wake habari za msiba, ili naye asimwone mkorofi.

Liko jambo moja ambalo wazee wa ukoo walifikirie sana. Matanga yakiisha, kikao huketi, watoto wakagawanywa. Mmoja huenda kwa shangazi, wa pili kwa baba mdogo, wa tatu kwa bibi. Tunajua kuwa chakula ni kidogo, na pengine hakuna njia nyingine. Lakini mtoto huyo amempoteza mama. Sasa, katika mwezi ule ule, anapoteza ndugu zake, shule yake na marafiki zake. Ikiwezekana, waacheni pamoja. Ikiwa haiwezekani, waelezeni kabla ya safari. Watajieni siku ya kuonana, na siku hiyo ikifika waonane kweli.

Mtazameni pia binti mkubwa. Ana miaka 12, na ghafla amekuwa mama wa nyumba. Anachota maji, anapika, anabeba mdogo wake. Kusaidia kazi ni vizuri, lakini naye amefiwa. Apate nafasi ya kusoma, ya kucheza na ya kulia.

Wiki kadhaa zikipita na mtoto bado hali vizuri, amekonda, au hataki kusema na mtu, mpelekeni kituo cha afya. Akisema anataka kufa amfuate mama yake, msingoje kesho, wala msimwache peke yake. Hapa Tanzania mnaweza pia kupiga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, bila malipo. Mkifika kituoni, elezeni yote: msiba ulitokea lini, mtoto analala wapi sasa, na aliambiwa nini.